Rangi ya Chupa ya Kabatini

Wifi alipiga simu akasema mwisho wa mwezi ujao anakuja na gari kumchukua mama yake, na kwamba jambo hilo halina mjadala. Alilisema kwa sauti ile ile anayotumia kuagiza nyama buchani. Mke wa kaka yake akajibu, "Haya, wifi, tumesikia," kisha akabaki ameishika simu mkononi muda mrefu baada ya kukatika.

Kazini huyu mke wanamwita Jicho. Yuko duka la rangi za ukuta, nyuma ya kaunta, kazi yake kuchanganya. Mashine ya kuchanganyia ipo, imefunikwa kitambaa, na mwenye duka hupenda kuionyesha kwa wageni. Lakini mteja akitaka rangi ifanane na nyingine, anaitwa Jicho. Anatazama, anachota, anakoroga, anapaka kidogo kwenye kadi nyeupe, anatoka nayo mlangoni kwenye mwanga, anarudi, anaongeza tone. Ikishakauka, hata mwenye nyumba hawezi kukuonyesha paliporudiwa. Basi na kiburi kidogo alikuwa nacho, tusifichane. Mtu awe na kipaji asiwe na kiburi hata cha kijiko kimoja, huyo ni malaika, na malaika hawauzi rangi.

Siku ile ile ya simu alipata mteja mbishi. Bwana mzima amebandua kipande cha rangi sebuleni kwake, amekikunja kwenye leso, anataka rangi ya namna hiyo hiyo.

"Hii siyo rangi uliyopaka," Jicho alimwambia.

"Dada, nimeibandua mwenyewe asubuhi hii!"

"Najua. Lakini imekaa ukutani miaka. Imekula jua, imekula moshi wa jikoni. Nikikuchanganyia hii nitakuwa nimekuchanganyia uzee. Nenda kabandue nyuma ya kabati, jua lisikofika, ndipo uniletee."

Bwana akaondoka ananung'unika. Akarudi na kipande kingine, cheupe kuliko cha kwanza kama si cha nyumba moja, akaomba radhi. Jicho akacheka, akamchanganyia, akasahau. Nawaambia haya mapema ili baadaye asitokee mtu wa kuniuliza kama mwanamke huyu alikuwa hajui. Alikuwa anajua.

Sasa, huyo mama anayetaka kuchukuliwa. Ni mama mkwe wa Jicho, mama mzazi wa Fundi na wa Wifi. Fundi ndiye mume wa Jicho, mchomeleaji vyuma, mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Waliishi mbali miaka mingi, wakarudi nyumba hii Mzee, baba yake Fundi, alipofariki, ili Mama asibaki peke yake. Jicho alirudi na hofu. Mama yake mwenyewe alimfia akiwa bado anavaa sare ya shule, na habari za mama wakwe alikuwa amezisikia za kumtosha. Wiki ya kwanza tu akaunguza sufuria, akasimama jikoni analia. Mama akaingia, akamnyang'anya ile sufuria, akaanza kuisugua kwa majivu. "Nyamaza, mwanangu," akasema. "Sufuria siyo mume. Ukiisugua inarudi." Jicho akacheka na machozi yake usoni, na tangu siku hiyo hakumwita mama mkwe tena, alimwita Mama. Kila Jumamosi anakaa chini kati ya magoti yake anasukwa nywele, na kwa saa hizo ni mtoto wa mtu.

Kwa hiyo Wifi aliposema anamchukua, Jicho aliumia. Na asiweze kumlaumu, maana Wifi hakuwa mtu mbaya. Ulimi wake ni wembe, lakini moyo wake ni mkate. Mama alikuwa ameteleza bafuni, akaumia nyonga, akakaa sakafuni mpaka watoto wa Jicho waliporudi kutoka shule. Wifi akasema, "Nyinyi nyote mnatoka asubuhi. Mtakuja kumkuta amekufa pale chini, halafu mje mnililie mimi." Ungemjibu nini?

Mama mwenyewe, alipoulizwa mbele ya wote siku ya chakula cha pamoja, miezi kadhaa kabla ya simu ile, alifuta mdomo kwanza. "Mimi sasa ni mzigo," akasema, "na mzigo hauchagui kichwa cha kuubeba. Lakini nitawaambia kitu. Atakayeniwekea hapa mezani glasi ya bia kama ile tuliyokuwa tunakunywa katika nyumba hii, nikaiona kwa macho yangu kwamba ndiyo, kwa huyo sitoki. Mbebaji asisumbuke."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka.

Fundi na baba yake walikuwa wameachana vibaya. Mzee alikuwa akipika bia kwenye banda la nyuma, na bia yake ilisifiwa mtaa mzima. Kijana alipotaka kujifunza, Mzee akamwambia mbele za watu, "Wewe? Mkono wako hauna subira hata ya kuchemsha maji." Fundi akafungasha, akaenda kujifunza kuchoma vyuma, na hakurudi ila kwa maziko. Watu wa namna hiyo wana deni ambalo halina wa kulipokea. Basi alipohamia nyumbani akafungua lile banda, akafagia, akasugua mapipa, akaanza kupika. Na tangu Mama aseme lile neno la mezani, ikawa siyo mchezo tena.

Kila bia ikiiva, Fundi anaimimina kwenye glasi, anaileta sebuleni, anaiweka mbele ya mama yake na kumwuliza, "Mama, ndiyo hii?" Mama anaiinua mpaka usawa wa dirisha. Anaitazama. Anaishusha. "Siyo." Haonji hata tone. Anasema bia huanza kunywewa na macho, na macho yakikataa, mdomo una haja gani?

Na wengine wangemsaidia vipi? Fundi hakuwahi kuiona rangi ya bia ya nyumba ile. Mzee na wageni wake walikuwa wakinywea vikombe vya bati, vyeusi ndani kwa uzee, na watoto walikuwa hawaruhusiwi kukaribia. Wifi hata harufu ya bia haipendi. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akinywea glasi.

Lakini ilikuwepo chupa. Chupa ya kioo cheupe kinachoonyesha ndani, iliyowahi kuwa ya juisi, imejaa bia ya mwisho ya Mzee. Ilisimama kwenye kabati la sebuleni, kando ya sahani za wageni, mahali jua la alasiri linapoingia. Hakuna aliyeigusa ila Mama, akipangusa vumbi. Na rangi yake jamani! Nyekundu ya kuiva, kama chai isiyo na maziwa iliyosahauliwa kwenye birika.

Ni Jicho aliyeanza kuitumia hiyo chupa. Fundi alipopika bia yake ya kwanza kabisa, ilitoka na rangi nyepesi, ya majani makavu. Alikuwa na furaha, anataka kukimbia nayo kwa mama yake. Jicho akamzuia mlangoni, akachukua glasi, akaenda nayo kabatini, akaisimamisha karibu na ile chupa.

"Mume wangu," akasema, "huu ni mkojo wa paka. Usimpelekee, utajiaibisha."

Fundi akaona kweli hazifanani hata kwa mbali. Ile bia akawapelekea wenzake karakanani. Waliinywa yote, wakaimba, wakaisifu mno, lakini wale wangesifu hata maji ya betri.

Kuanzia hapo safari ikawa moja, kuelekea weusi. Bia inapata rangi yake ya kwanza kwenye kimea, yaani ile shayiri iliyolowekwa ikachipua kisha ikakaushwa, na Fundi alikikausha kimea juu ya makaa mpaka kikawa rangi ya kahawa. Bia ikatoka nyeusi, chungu, ina harufu ya nyumba iliyoungua. Akapunguza makaa, akaongeza muda wa kuchemsha, akachemsha mpaka maji yakawa mazito na sukari ya nafaka ikaanza kugandia chini ya sufuria. Rangi ikapanda, ladha ikawa ya peremende iliyoungua. Kila mara Mama anainua, anashusha. "Siyo." Fundi naye kila mara anarudi bandani na shingo imeingia mabegani.

Baada ya simu ya Wifi, Jicho aliingia bandani na kadi zake nyeupe.

"Tuache kubahatisha," akasema. "Umebakiwa na bia moja tu kabla dada yako hajaja. Hii tunaipika wawili."

"Wewe unajua nini habari za bia?"

"Bia sijui. Rangi najua."

Akaanza na glasi. Alimimina bia moja kwenye glasi nyembamba, kwenye glasi pana, na kwenye jagi. Kwenye glasi nyembamba ikawa kahawia, kwenye jagi ikawa karibu nyeusi. "Unaona? Bia ni ile ile, kina ndicho kinakudanganya. Ulikuwa unalinganisha glasi na chupa nene, utapata wapi?" Akatafuta chupa nyingine ya kioo cheupe, unene ule ule. Kuanzia siku hiyo walilinganisha chupa kwa chupa, mchana, mlangoni, kadi nyeupe nyuma yake.

Fundi akamtazama mkewe kama amemwona leo. "Kumbe wale watu hawakuiti Jicho bure."

"Nyamaza, koroga."

Akamwambia pia asiharakishe kumimina, maana bia ambayo hamira yake haijatulia chini inakuwa na ukungu, na ukungu huifanya ionekane nyepesi kuliko ilivyo. Wakajaribu maji ya aina mbili kwenye visufuria vidogo, ya bomba na ya kisima cha jirani, yale magumu yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Ya kisima yakatoa rangi nzito zaidi kwa kimea kile kile. Jicho akafurahi kama mtoto. Akasema watapika kwa maji ya kisima. Mara moja tu alikosea, akasema ikizidi kukolea wataongeza kitu cheupe kidogo irudi.

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama watoto, hii siyo rangi ya sebule! Bia inakwenda mbele tu. Ikishapita, imepita."

Jicho akampiga na kitambaa. Siku nyingi walikuwa hawajacheka hivyo bandani, na moyoni mwake alisema, hata tukishindwa, hiki kicheko nimepata.

Siku ya kukausha kimea, Mama alipita na fimbo yake, polepole, akachungulia. Fundi alikuwa ametandaza shayiri kwenye wavu juu ya makaa.

"Jua limekwisha duniani?" Mama akauliza.

"Jua linachelewesha, Mama. Wewe nenda kapumzike."

Siku ya kuchemsha alipita tena. Akasimama mlangoni, akanusa. "Moto mkali huo," akasema.

"Tunajua, Mama," Fundi akajibu, jasho linamtiririka. "Kaa ndani tu, moshi huu utakuumiza. Pumzika."

Mama akasimama kidogo zaidi, akageuka, na fimbo yake ikasikika ikigonga ua mpaka mlango wa jikoni. Jicho aliona mgongo wake ukienda. Alitaka kusema kitu, lakini povu likapanda ghafla, wakakimbilia sufuria wote wawili.

Bia ikachachuka, ikatulia, ikawa safi. Fundi aliihamisha kwa mpira mwembamba, polepole, isirushwe rushwe ikala hewa. Wakajaza chupa nyeupe, wakaibeba mpaka kabatini, wakaiweka kando ya chupa ya Mzee. Jicho akainama. Akaitazama kulia, akaitazama kushoto. Akatoa kadi. Akazihamisha chupa, ya kushoto akaiweka kulia.

"Ipi ni ya baba yako?" akamwuliza mumewe.

Fundi akatazama. Akainama karibu zaidi. Hakujua. Lo! Mchomeleaji mzima, kifua kama mlango, akaketi kwenye mkono wa kochi akaficha uso. Jicho akamshika bega. Na yeye alikuwa na machozi, na katikati ya machozi kile kijiko cha kiburi kilikuwa kimejaa hadi kumwagika.

Jumapili ya mwisho wa mwezi Wifi akafika na gari kama alivyoahidi. Mama alikuwa amefungasha mwenyewe. Hakuacha mtu amsaidie. Masanduku, blanketi, sufuria yake ya uji, na mkeka wake wa zamani uliokunjwa ukafungwa kamba, vyote vilipangwa garini kabla jua halijawa kali. Mkeka aliagiza uingie kwanza. Wifi alipanga, alifunga, akaja sebuleni akijipangusa mikono.

"Haya Mama, tusije tukakutana na foleni."

"Subiri, dada," Fundi akasema. "Kuna kitu kimoja."

"Kaka, usianze mambo yako ya bia."

"Mama mwenyewe alisema."

Akaileta glasi. Alikuwa amevaa shati la kutokea. Akaiweka mezani mbele ya mama yake kwa mikono miwili, akarudi nyuma. Jicho alisimama mlangoni ameshika fremu. Alikuwa anawaza Jumamosi, nani atamsuka, na magoti ya nani.

"Mama, ndiyo hii?"

Mama akainua glasi mpaka usawa wa dirisha. Safari hii aliitazama muda mrefu kuliko siku zote. Akageuza shingo akaitazama na chupa ya kabatini.

"Mmeifananisha na chupa ile," akasema.

"Kabisa, Mama!" Fundi alishindwa kujizuia. "Hata Jicho mwenyewe hawezi kuzitofautisha!"

Mama akaishusha glasi. "Ndiyo maana siyo."

Fundi akaitazama glasi, akaitazama chupa. Nje mtu alikuwa anapiga msumari mahali.

"Chupa ile kizibo chake kilikuwa kibovu," Mama akasema. "Baba yenu aliitenga aimwage. Akatutoka kabla hajaimwaga. Mimi ningeimwaga kwa moyo gani? Nikaiacha. Lakini wakati ule ilikuwa rangi ya asali mpya, unaona kidole chako upande wa pili. Hewa imeingia, jua linaipiga kila alasiri. Kila nikipangusa kabati naiona imekolea zaidi ya jana. Hiyo mliyoipika ni bia iliyoharibika. Mmepika bia nzima ili ifanane na bia iliyoharibika."

Jicho akakaa pale pale mlangoni, sakafuni. Akilini alimwona yule bwana wa dukani na leso yake. Alijisikia mwenyewe akisema kwa sauti ya kujua: nitakuwa nimekuchanganyia uzee. Kila siku anawafundisha watu dukani, halafu anarudi nyumbani anachukua kitu kilichokaa juani miaka na kukifanya kipimo cha mumewe!

"Ile ya kwanza," akasema. "Ile tuliyowapa wa karakanani."

Fundi akageuka taratibu akamtazama mkewe. "Mkojo wa paka," akasema.

"Mume wangu, nisamehe."

Fundi alimgeukia mama yake, na hapo hasira ikapata pa kutokea. "Lakini Mama, kwa nini hukusema? Siku zote hizi! Nimeunguza shayiri, nimejiunguza mwenyewe, naja hapa na glasi kama mwombaji, wewe unasema siyo, siyo, siyo. Ungeniambia tu!"

"Uliniuliza nini?" Mama akasema.

"Nini?"

"Ulipoleta glasi, uliniuliza nini? Uliniuliza, 'Mama, ndiyo hii?' Nikakujibu. Hakuna hata siku moja mtu wa nyumba hii aliyeniuliza ilikuwaje. Wala hakuna aliyeniuliza ilipikwa na nani."

Wifi, aliyekuwa ameshika funguo za gari, akaziweka mfukoni. "Si ilipikwa na Baba?"

"Baba yenu!" Mama akatoa kicheko kifupi. "Baba yenu alibeba maji, alikoka moto, na alisifiwa. Hiyo ya tatu aliifanya vizuri kuliko zote, Mungu amrehemu. Nilimpenda, akisifiwa nilikaa kimya. Lakini kimea alianika nani? Siyo kwenye makaa kama mnavyochoma nyinyi kahawa yenu. Kwenye mkeka, kwa jua la asubuhi, nikikigeuza kwa mkono, jua likiwaka nakiingiza ndani. Na sufuria ilitolewa motoni na nani, baba yenu akiwa kitini anawasimulia wageni? Nilikuja bandani majuzi nikawauliza habari za jua. Nikaambiwa nikapumzike. Nikaja tena nikasema moto mkali. Nikaambiwa nikapumzike. Tangu mume wangu afariki, kila mtu ananiambia nipumzike. Nimepumzika mpaka mgongo unaniuma kwa kupumzika. Na huko ninakopelekwa leo," akamtazama bintiye bila ubaya, "nimesikia kuna chumba kizuri sana cha kupumzikia."

Wifi akaketi kwenye mkono wa kochi. Fundi alisimama mikono ikining'inia. Hasira yote ilikuwa imemtoka, na kilichobaki usoni kilikuwa aibu. Mzee alimwambia mkono wake hauna subira, yeye akaondoka na neno hilo akakaa nalo miaka yote, na kumbe mwenye subira alikuwa jikoni.

Jicho akainuka. Alimwendea Mama, akapiga magoti mbele ya kiti, mahali pale pale anapokaa akisukwa, ila leo aligeuza uso.

"Mama, mimi sitaki uende," akasema. "Nimechelewa kusema, lakini sitaki. Nilidhani bia itanisemea. Sasa nakuuliza. Wewe unataka kwenda?"

Mama akamrudishia nyuma ya sikio unywele uliokuwa umefumuka.

"Sitaki," akasema.

"Na ilikuwaje, hiyo bia?"

"Hiyo haielezeki kwa mdomo, mwanangu. Inaonyeshwa. Na anayeonyeshwa inabidi aamke mapema, asiye na subira atafute kazi nyingine."

"Nitaamka, Mama," Fundi akasema haraka, kama mtoto darasani.

Wifi akainuka ghafla. "Na bafuni je?" akafoka, macho yamelowa. "Bado atateleza! Kaka, wewe mchomeleaji mzima, unawafungia watu mageti ya ghorofa, umeshindwa kumfungia mama yako bomba la kushikia ukutani?"

Fundi akatazama upande wa bafuni. "Kesho," akasema.

"Leo. Siondoki hapa kabla sijalivuta kwa mikono yangu nikaona halitikisiki. Na mimi nitakuja kila Jumapili kulivuta."

"Njoo, binti yangu," Mama akasema. "Utakula na sisi."

Kisha akaichukua ile glasi nyekundu, ambayo ilikuwa bado imesimama mezani na povu lake limekwisha, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aanze kupika, akaionja. Wote wakamtazama. Akameza. Akafumba jicho moja.

"Chungu kama dawa ya minyoo," akasema. "Wapelekeeni wale wa karakanani." Lakini hakuiweka chini. Akanywa funda lingine. "Leo jua limeshakuwa kali. Shayiri ilowekwe jioni. Itakapochipua nitahitaji mkeka wangu, na mkeka wangu uko garini."

Fundi na dada yake wakatoka pamoja. Jicho aliwatazama dirishani, kaka anafungua kamba, dada anampigia kelele kwamba anaifungua vibaya. Mkeka ulikuwa chini ya kila kitu, kwa hiyo ilibidi mizigo yote ishuke kwanza.